Kanzu ya kale ya mwambao: kukata na kushona kwa mkono

Anayetaka kuvaa kama mtu wa Unguja au Lamu wa karne ya 19 aanze na kanzu. Mkato wake ni wa vipande vilivyonyooka: badani (kipande cha mwili, mbele na nyuma), mikono miwili, taharizi nne (vipande vya ubavuni vinavyopanuka kuelekea chini), vikwapa viwili (miraba ya chini ya mkono), kaba ya shingo (kipande cha kuimarisha shingo kwa ndani) na lisani (kipande chembamba cha nyuma ya mpasuo wa shingo). Vipimo hapa ni vya mwanamume wa kifua sentimita 100, kanzu ya sentimita 145 kutoka begani. Kila mshono umeachiwa sentimita 1.5, isipokuwa shingoni.

Kitambaa

Nunua mita 4 za marekani, yaani kitambaa cha pamba, upana sentimita 90. Ndiyo nguo ya zama zile hasa: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa wingi, na jina likabaki hata baada ya viwanda vya nchi nyingine kuchukua soko. Usiweke poliesta, inang'aa vibaya na mkunjo wake haulali.

Loweka kwenye maji ya moto usiku kucha, fua, anika, piga pasi. Marekani mpya ina wanga na hurudi. Ukiikata kabla ya kufua, mikono itapanda juu ya vifundo baada ya dobi wa kwanza.

Kukata

Badani ni kipande kimoja kinachopita juu ya mabega bila mshono: sentimita 63 × 298. Ubavuni utabaki ukanda wa sentimita 27. Humo toa mistatili miwili ya 27 × 117. Kwenye kila mstatili pima sentimita 3 kutoka pembe moja ya juu na 3 kutoka pembe ya chini iliyo mkabala nayo, kisha kata mshazari kuunganisha alama hizo. Hizo ni taharizi nne. Kipande kinachosalia kinatoa vikwapa viwili vya 15 × 15 na kaba ya 27 × 34. Kitambaa kikiwa kimepungua upana, punguza taharizi, badani usiiguse.

Mikono ikate kwenye sentimita 60 zinazofuata: 47 begani, 37 kifundoni, mmoja ukiangalia juu na mwingine chini ili ienee. Masalio ya pembeni yanatosha lisani.

Shingo

Ishone kwanza, badani ikiwa bado bapa. Usitoboe kitu. Chora shingo kwa chaki: upana 13, nyuma ya mstari wa bega 2, mbele 7, na mpasuo wa 15. Laza kaba juu, uso kwa uso, piga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda), kisha shona nusu sentimita nje ya mchoro wa shingo. Kwenye mpasuo pitisha mistari miwili inayokutana chini kama ncha ya mkuki. Sasa ndipo ukate, hadi uzi mmoja au miwili kabla ya ncha. Ukiishia mbali nayo, kitambaa kitajikunja hapo, wala pasi haitakunyoshea. Geuza kaba ndani, itie pindo, kisha bandika lisani kwa ndani upande mmoja wa mpasuo.

Mikono na kikwapa

Katikati ya mkono ikae juu ya mstari wa bega; shona sentimita 22 kila upande.

Kikwapa ndicho kinachomwezesha mtu kuinua mkono bila kanzu nzima kupanda. Upande wake mmoja unashonwa kwenye ukingo wa mkono, wa pili kwenye badani chini ya mkono. Kisha vivyo hivyo nyuma. Kila mshono uanze na uishie sentimita 1.5 kabla ya pembe, na ufungwe kwa kurudisha sindano mara tatu. Wengi hukosea hapa: wanashona mpaka ukingoni, pembe inakosa nafasi ya kugeuka, na kwapani panatokea kinundu kinachokwaruza. Kikitokea, fumua.

Taharizi

Mshazari wa taharizi ushonwe na badani, kuanzia chini ya kikwapa. Kingo zilizonyooka zikutane ubavuni. Ukishona mshazari kwa mshazari, ubavu utavutika na kuning'inia. Malizia mshono wa mkono na wa ubavu.

Punguza ukingo mmoja wa kila mshono, ukunje ule mpana juu yake na uulaze kwa sindano ndogo. Uzi wa pamba upitishe kwenye nta kwanza, usijisokote.

Itundike siku nzima kabla ya kupinda. Mshazari ni mrefu kuliko ukingo ulionyooka, kwa hiyo upindo utashuka karibu sentimita 2 palipokutana taharizi na badani. Kata palipozidi, pinda 4, na sijafu, yaani pindo za mwisho wa mikono, vivyo hivyo.

Kazi ya shingo na kuvaa

Ukiiacha bila nakshi ni kanzu ya kufuta. Ukitaka kanzu ya kazi, darizi shingo kwa hariri nyekundu au nyeupe kufuata kaba. Nyekundu ijaribu kwanza: lowesha uzi, ubane kwenye kitambaa cheupe, upige pasi. Ukiacha alama, utachuja kwenye kanzu.

Vaa na kofia ya viua (yenye vitundu vilivyodariziwa), kizibao kisicho na mikono na makubadhi (viatu vya ngozi vya wazi), na shuka au kikoi ndani, maana marekani ikipigwa na jua huonyesha miguu.