Kukagua Begi Kabla ya Kupanda Ndege Marekani, Bastola Isisafiri kwa Kusahauliwa

Mwaka 2023 wakaguzi wa TSA, idara inayosimamia usalama wa viwanja vya ndege nchini Marekani, walikamata bunduki 6,737 katika mabegi ya mkononi, na takribani asilimia 93 zilikuwa zimejazwa risasi. Utetezi wa wengi waliokamatwa ni kwamba walisahau. Kwa hiyo mwongozo huu unamhusu mwenye silaha halali, anayeishi naye nyumba moja, na hasa yule anayeazima begi la mwenzake asubuhi ya safari.

Ukaguzi huo ulizaliwa katika miaka ya damu. Tarehe 30 Mei 1972, wanaume watatu wa Jeshi Jekundu la Japani, kundi la wapiganaji wa siasa kali za mrengo wa kushoto, walipokea mizigo yao katika uwanja wa Lod, karibu na Tel Aviv, wakatoa bunduki kwenye makasha ya fidla na kuua watu 26, wengi wao mahujaji kutoka Puerto Rico. Marekani, iliyokuwa ikisumbuliwa na utekaji nyara wa ndege, ilianza kumkagua kila abiria Januari 1973.

Anza usiku wa kuamkia safari, si mlangoni teksi ikisubiri. Mwaga kila kitu kitandani, kisha ligeuze begi juu chini na kulikung'uta, kwa sababu risasi moja hujificha kwenye mshono au chini ya kitambaa cha ndani kwa miaka. Fungua kila mfuko, hata ule wa chaja, ukipapasa kwa vidole badala ya kutegemea macho. Kama begi limewahi kwenda mawindoni au kwenye uwanja wa kulenga shabaha, ushauri wangu ni mmoja: chukua lingine.

Anayetaka kusafiri na bastola yake huitoa risasi zote, huifungia ndani ya kasha gumu lenye kufuli, huitangaza kwenye kaunta ya shirika la ndege, na kasha huingia kwenye mizigo ya chini ya ndege. Ufunguo hubaki kwake mwenyewe. Kibali cha kubeba silaha mitaani hakimruhusu mtu kupita nayo kwenye ukaguzi.

Ukikumbuka ukiwa kwenye foleni, ondoka kabla begi halijafika kwenye mashine. Likishapita na mkaguzi akalisimamisha, usiliguse kabisa, hata kwa nia ya kumsaidia. Mnamo Novemba 2021, katika uwanja wa Hartsfield-Jackson wa Atlanta, abiria aliyekwisha kuonywa asiguse alitumbukiza mkono begini, bastola ikafyatuka, na watu wakakimbia hovyo hadi wengine wakaumia. Faini ya TSA inaweza kuzidi dola 14,000, mbali na mashtaka ya polisi wa jimbo.

Risasi peke yake, bila bunduki, nazo zina balaa lake ng'ambo. Mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa katika visiwa vya Turks na Caicos, vilivyo karibu na Karibi, kwa risasi zilizokutwa mizigoni, wakati sheria ya huko ilikuwa na kifungo cha chini cha miaka 12. Baadhi yao walikamatwa wakiwa uwanjani tayari kurudi nyumbani, kwa hiyo papasa begi upya pia kabla ya kuondoka hotelini.