Kuandaa nafasi ya mhusika mkuu jukwaani: alama za pumzi huwekwa ukiwa umechoka

Mwezi uliopita nilikaa jioni 9 na kijana mmoja wa Isevya aliyepewa nafasi ya mtemi Isike katika tamthilia tuliyoitunga wenyewe hapa Tabora. Onyesho la kiingilio, dakika 110, na yeye hatoki jukwaani isipokuwa kwa dakika 6 tu. Kukariri anakariri haraka kuliko mimi. Hata hivyo ilibidi tuanze upya, kwa kosa lile lile lililonitesa nilipopata nafasi yangu kubwa ya kwanza.

1. Soma mchezo wote

Wote, si sehemu zako tu. Mara 3. Na kama mhusika wako aliishi kweli, jua alivyoishia. Isike alikuwa mtemi wa Unyanyembe, utawala wa Wanyamwezi uliokuwa hapa Tabora. Wajerumani walimshambulia zaidi ya mara moja, na Januari 1893 ngome yake ilipovamiwa alilipua ghala la baruti yeye mwenyewe akiwa ndani, kuliko kukamatwa. Ukilijua hilo hutaanza kufoka ukurasa wa kwanza. Anayemaliza hasira mapema, mwisho anabaki na makelele.

2. Andika kwa mkono

Nunua kaunta buku na kalamu ya risasi. Andika maneno ya mwisho ya mwenzako, halafu ya kwako chini yake, mchezo mzima. Simu sitaki kuiona. Najua wengi wanajirekodi na kujisikiliza kwenye bajaji, lakini ukijisikiliza mara 50 unachokariri ni wimbo. Siku mwenzako akiuliza swali lake kwa mdundo mwingine, wewe utamjibu kwa mdundo wa jana, na watazamaji wataona watu wawili wasiosikilizana.

Yakishaingia, yaseme ukiwa unafanya kazi: unafua, unachota maji, unamenya mihogo.

3. Alama za pumzi (usiruke hapa)

Alama ya pumzi ni kistari tu unachoweka kwenye maneno yako, mahali utakapovuta hewa. Kila mwigizaji anaijua. Tatizo ni wapi unaiweka, na hasa ukiwa katika hali gani.

Mimi nilizitia zangu usiku, nimekaa kitini, kikombe cha chai pembeni, kwa wino mwekundu. Zilipendeza kuzitazama. Jukwaani hakuna hata moja iliyonifaa. Kwa wiki 2 niliamini mapafu yangu yana kasoro. Nikawa nakimbia kila alfajiri, nikanywa dawa ya kifua niliyoshauriwa na jirani, nikagombana na mwongozaji. Kumbe mapafu ni mazima. Aliyeweka alama ni mtu aliyepumzika, na anayezitumia ni mtu anayehema.

Kijana wangu naye: "Dada, alama nimeshaweka zote." Nikamwambia sawa, twende. Onyesho letu lina mahali ambapo mtemi anacheza manyanga, ngoma ya kutikisa vibuyu vinavyolia, na watu wake kwa dakika 4, kisha mjumbe anaingia, ngoma inakatika, na papo hapo mtemi anasema mistari 24. Katikati ya mistari hiyo kuna sentensi ambayo mchezo mzima unaning'inia juu yake: "Sitafungua lango." Akacheza, ngoma ikakatika, akasema. Chini ya mwembe tunapofanyia mazoezi pale Ng'ambo kuna mzee fundi baiskeli ambaye hututazama kila jioni. Aliacha pampu yake akauliza, "Kumbe Isike aliwafungulia?"

Sikucheka, maana alisikia sawasawa. Kiswahili kinaweka ukanushi kichwani mwa neno: si-, hatu-, hawa-. Mtu anayehema huanza kusema kabla hewa haijakaa, kwa hiyo silabi ya kwanza ndiyo inayoliwa. Ukila "si" inabaki "tafungua lango", na kwa kuwa mitaani sote tunasema "ntafungua", sikio la msikilizaji linajaziliza lenyewe. Mtemi ameshasalimu amri na mwigizaji hana habari.

Kwa hiyo fanya hivi. Cheza ngoma yote kwanza, kwa urefu ule ule wa onyesho. Ukicheza nusu umejidanganya. Ikikatika, sema maneno yako bila kusubiri. Kalamu awe nayo mtu mwingine, naye aweke kistari pale unapovuta hewa kweli, hata kama ni katikati ya neno. Rudia siku 3 mfululizo, kila siku kwa kurasa safi. Alama zinazojirudia siku zote 3 ndizo za kweli. Kijana huyu alipokaa alikuwa anabeba mistari 3 kwa pumzi moja. Baada ya manyanga ulikuwa mmoja, na kuna siku haukufika.

Ukishazijua za kweli, zihamishe zikae penye maana. Usivute hewa kati ya "watu" na "wa Unyanyembe". Usivute hewa kwa pupa mbele ya ukanushi: kabla ya "sitafungua" toa hewa yote iliyobaki kifuani, funga mdomo, acha iingie yenyewe kwa pua, ndipo useme. Hapo utaona kimya kinatokea, na waigizaji wachanga hukiogopa. Usikiogope. Mtemi ana haki ya kusubiriwa.

Mambo mengine yaliyotugharimu: fanya haya ukiwa umevaa maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Kijana wetu alikuwa anafungwa mshipi mpana tumboni, unabana kabisa, halafu tunamwambia apumue kwa tumbo. Tulipoushusha hadi nyongani alipata nusu mstari zaidi. Na kama sentensi imekataa kabisa kuingia kwenye pumzi, mwendee mtunzi ukiwa na ushahidi wa siku 3, umwombe aikate. Sisi tulitoka mistari 24 tukabaki na 19, na hakuna aliyeisikitikia. Ila mwendee mapema. Mtunzi anayeombwa kukata wiki ya onyesho hukasirika, na ana haki.

4. Sauti

Hapa Tabora ukikohoa mara moja watu 3 watakuletea asali. Pokea, ni tamu, na inatuliza koo. Ila kinachomezwa kinapita njia ya chakula, na nyuzi za sauti ziko njia ya hewa, kwa hiyo asali haizigusi. Zinachotaka ni maji unayoanza kunywa asubuhi, siyo nusu lita dakika 5 kabla ya kupanda. Mvuke nao unafika: sufuria ya maji ya moto, kanga kichwani, pumua taratibu, angalia usijiunguze.

Sauti ikikauka usinong'one. Kunong'ona hakuipumzishi, nyamaza kabisa, andika kwenye karatasi. Mazoezi ya sauti kamili yasiwe ya kila siku. Na miezi ya kiangazi nyunyizieni maji uwanja kabla ya kuanza, maana vumbi la miguu ya wacheza ngoma lote linaishia kwenye koo la anayesema.

Ukikaa wiki 3 sauti haijarudi, hospitali.

5. Dakika 6 za nyuma ya pazia

Zipange kama zamu: maji, kubadili maleba, kukaa chini. Kwa mpangilio huo. Simu izimwe.

6. Kufa

Baada ya mlipuko Isike analala jukwaani kama dakika 4 wakati watu wake wanaimba. Ametoka kupigana, moyo unamwenda mbio, na watoto wamekaa mbele kabisa, chini kwenye mkeka. Watoto hawatazami uso wa maiti, wanatazama tumbo. Mazoezi ya kwanza ya hadhara mmoja alipaza sauti, "Anapumua huyo!" na wimbo wa maombolezo ukaishia kwenye kicheko.

Usijaribu kuizuia pumzi. Utaizuia nusu dakika, halafu itakuja yote kwa mkupuo. Anguka kwa ubavu, mgongo uwaelekee watazamaji, mkono wa juu uangukie mbele ya tumbo. Fungua mdomo kidogo, hewa ipite kwa mdomo, ndogo ndogo, juu kifuani. Mwambie anayekufunika kitambaa asikivute hadi puani. Na kabla ya kuanguka hakikisha hujaangukia ile manyanga uliyoidondosha mwanzoni. Ukiilalia, kila ukipumua italia.