Kuokoa betri kwa ASPM kwenye Linux

Laptopu nyingi za mtumba ninazowekea Linux dukani humaliza chaji hata zikiwa zimekaa tu. Kabla hujalaumu betri, angalia viungo vya PCIe, yaani njia zinazounganisha kadi na diski na ubao mama. Kifaa kisipokuwa na kazi, ASPM (mfumo wa kupunguza umeme wa viungo hivyo) hukilaza kiungo chake: L0s ni kusinzia tu, L1 ni usingizi wenyewe, L1.2 ni mzito zaidi.

Anza na `sudo lspci -vv`. Tafuta kadi ya Wi-Fi au diski ya NVMe, usome mistari miwili. LnkCap inaonyesha kifaa kinaweza nini. LnkCtl, kimewashiwa nini. Ukikuta "ASPM L1" kwenye wa kwanza na "ASPM Disabled" kwenye wa pili, huenda hapo ndipo chaji inapopotelea.

Sasa badili sera ya ASPM:

`echo powersave | sudo tee /sys/module/pcie_aspm/parameters/policy`

Itafutika ukizima mashine, na ndivyo ninavyotaka wakati wa kujaribu. Ikitulia, andika `pcie_aspm.policy=powersave` kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayowasha Linux.

Wi-Fi ikianza kukatakata, au `dmesg` (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, kiini cha Linux) ikijaa makosa ya AER, yaani ripoti za hitilafu za PCIe, usizime kila kitu. Tangu kerneli 5.5 unaweza kuzima L1 ya kifaa kimoja tu (weka anwani ya chako):

`echo 0 | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/link/l1_aspm`

Wengi hukimbilia `pcie_aspm=off`. Hiyo haizimi ASPM; inaiambia kerneli isiiguse, hivyo yaliyowekwa na BIOS yanabaki vilevile. Na `pcie_aspm=force` simwekei mteja kamwe, maana mashine inaweza kuganda kabisa.