Kabla hujautembea mji wa zamani wa Dar kwa miguu

Anza na saa, mengine yatafuata. Mtu akikuambia mkutane Posta saa nne asubuhi ndipo mwanze kutembea, mkatalie kwa adabu. Februari moja nilimtembeza shemeji yangu aliyetoka Njombe, tukatoka nyumbani tumechelewa, na yeye kavaa jinzi nzito, koti kalishika mkononi. Tulipofika Sanamu ya Askari alisema, "Shemeji, hapa tupumzike." Ziara ikaishia mgahawani, chini ya feni.

Saa kumi na mbili na nusu uwe umeshuka mwendokasi kituo cha Kivukoni. Soko la Feri wakati huo ndiyo limechangamka, madalali wananadi samaki kwa mafungu, na sakafu imelowa maji ya samaki na magamba. Kwa hiyo malapa yaache nyumbani. Vaa raba za zamani zenye soli inayoshika. Hata huko mbele utazihitaji, maana njia za waenda kwa miguu mjini zina mifuniko ya mitaro iliyovunjika, na penye njia nzima pameegeshwa gari. Kama ni masika, Machi hadi Mei, chukua mwavuli na ukubali kwamba siku nyingine utarudi nyumbani bila kuona kitu.

Simu yako ndiyo itakayokuletea maneno kuliko kitu kingine. Ikulu ipo hapo hapo Magogoni, bandari ipo upande wa pili, na askari wapo kote. Usipige picha upande huo, hata ya utani. Wavuvi nao waombe kwanza. Wengi watakubali, ila ukiwapiga kwa kuibia utatukanwa mbele za watu. Barabarani simu ikae mfukoni, hasa bodaboda zinapopita karibu.

Soma kidogo kabla ya kutoka, kwa sababu majengo yenyewe hayajielezi. Barabara ya ufukweni inakupitisha Kanisa la Azania Front, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yakiwa yamekamilika mwaka 1902 enzi za Mjerumani. Mbele kidogo ipo Boma la Kale, la kuta nene za matumbawe, lililojengwa miaka ya 1866 na 1867, Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa anaanzisha mji kando ya kijiji cha Mzizima. Asiyejua hilo hulipita akidhani ni ofisi tu. Sanamu ya Askari iliwekwa mwaka 1927. Mahali hapo palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa. Bayoneti ya askari imeelekea bandarini. Ukifika pale, angalia imeelekea wapi, utajua bahari iko upande gani hata ukiwa umepotea.

Siku ya kwenda ina maana yake. Jumapili mitaa ya Kisutu na Samora ni kimya, picha zinapendeza, ila maduka yamefungwa na vibaka wanakuona uko peke yako. Makanisani nako kuna ibada, si pa kuzurura. Ijumaa mchana misikiti inajaa. Mimi huchagua Jumamosi. Mwanamke aweke kanga kwenye begi, mwanamume aache kaptula, basi hakuna mlango utakaowapa shida. Kama mtapita Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, beba kitambulisho: kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni.

Beba chenji, noti ndogo ndogo na sarafu, za choo cha kulipia na za kahawa. Muuza kahawa utamsikia kabla hujamwona, anagonganisha vikombe vidogo vya kaure kwa mkono mmoja, birika kalishika mkono wa pili, mkaa unawaka chini yake. Kunywa ukiwa umesimama, chungu, na kashata pembeni. Kikombe kinarudishwa, usiondoke nacho.

Maji ya chupa moja hayatoshi, lakini usijibebeshe mzigo. Kuanzia saa tatu baiskeli za madafu zimeshatanda mjini. Muuzaji atakuuliza, la maji au la nyama? Kama bado una safari ya Kariakoo, sema la maji.