Linda kisima chako kabla ya kuwasha jiko

Ninalima na kufuga, na kisima tunachokunywa kiko ndani ya shamba hilohilo. Kila anayeniuliza kuhusu maji ya kisima namwambia hili kwanza: kuchemsha hakuondoi naitreti, yaani kemikali yenye naitrojeni inayoyeyuka majini. Vijidudu vitakufa, lakini naitreti ya samadi na mbolea za viwandani inabaki, tena maji yakipungua sufuriani ndiyo inazidi kukolea. Klorini nayo haiigusi. Naitreti haina rangi, harufu wala ladha. Wa kuhofiwa zaidi ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa kwa maji hayo, kwani damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Ukiona midomo inageuka bluu, mkimbize hospitali.

Mvua ikinyesha, nenda ukatazame maji yanakotoka kabla ya kufika kisimani. Yakipitia zizini au kwenye rundo la samadi, rundo lihamie upande wa chini wa mteremko, mita 30 au zaidi, na lifunikwe. Penye udongo wa kichanga, ongeza umbali. Chimba na mfereji wa kuyakinga maji yanayoteremka.

Kisha piga magoti ukague kisima chenyewe. Sakafu ya zege iinamie nje, mfuniko ukae sawasawa. Pitisha kidole pale bomba la kisima linapokutana na zege: ukikuta mwanya, maji machafu yanashukia hapohapo bila kuchujwa na udongo. Zibe.

Dawa za shambani zichanganyiwe mbali kabisa. Na tafadhali, unapojaza tangi la kunyunyizia, mdomo wa mpira usizame ndani. Pampu ikizimika ghafla, dawa inaweza kufyonzwa ikarudi kisimani. Acha nafasi ya hewa, au funga vali ya kuzuia maji yasirudi.

Mbolea igawe kidogokidogo mimea inapoihitaji, usiitie mvua kubwa ikiwa inakaribia.

Pima maji kila mwaka, hata yakionekana maangavu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za naitreti kwa lita. Soma cheti vizuri: maabara nyingine huandika naitrojeni iliyo ndani ya naitreti peke yake, na hapo kikomo ni kama 11. Yakizidi, mtoto atafutiwe maji mengine leo hii, nanyi mfunge chujio la osmosisi kinyume, linalosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba sana, huku mkisaka chanzo.