Umbali wa Rimoti ya Helikopta Ndogo: Pima Chini Kabla Hujarusha

Boksi la helikopta yangu ya kwanza ya maana lilisema mita 100, nami nikaiamini ile namba. Asubuhi moja uwanjani, hapa Dodoma, ikiwa mbele yangu mita 25 tu, ikatikisika mara mbili, ikalala ubavu na kutua, kama ule unaitwa kutua, juu ya mwarobaini. Mpwa wangu ndiye aliyepanda kuitoa. Panga moja, yaani bawa la juu linalozunguka, limevunjika, mkia umepinda, na mimi tayari nilishapata mshitakiwa: rimoti haina nguvu.

Rimoti ilikuwa nzima. Wiki moja kabla, nikibadilisha betri, niliikunja antena ya risiva, yaani kipokezi cha mawimbi kilicho ndani ya helikopta, na kuibana chini ya betri kwa mikono yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo kila anayeniletea helikopta "isiyofika mbali" namwambia asinunue chochote kwanza. Apime.

Neno moja kabla ya kuanza. Kiswahili kinatuchanganya hapa, maana masafa ni umbali na masafa ni yale mawimbi ya redio yenyewe. Humu nikisema masafa nina maana ya mawimbi, kwa mfano gigahezi 2.4. Urefu wa kutoka kwako hadi kwenye helikopta nitauita umbali.

Hatua ya 1: Jua rimoti yako inaongeaje

Angalia mbele ya rimoti. Ukiona vitaa vidogo vyeusi au vyeupe kama vya rimoti ya televisheni, na hakuna antena, hiyo inatumia mwanga wa infraredi. Syma S107 iliyojaa madukani miaka ile ni ya namna hiyo. Ni helikopta ya sebuleni: kama mita 10, na ukitoka nayo juani inakuwa kiziwi, kwa sababu jua linamwaga infraredi nyingi kuliko vitaa vyako. Hapo hakuna cha kurekebisha. Rusha ndani, au jioni.

Ukiona antena ndefu ya kuvuta, hiyo ni ya zamani, ya megahezi 27, 35, 40, 49 au 72 kutegemea ilikotengenezwa. Vuta antena yote, usiirushe ikiwa nusu, na waya wa kwenye helikopta usiukate hata kama unaning'inia vibaya. Urefu ule umepigiwa hesabu. Kwa megahezi 72, robo ya wimbi ni kama mita moja, ndiyo maana waya ni mrefu hivyo.

Zilizobaki, karibu zote za leo, ni gigahezi 2.4. Mwongozo huu ni wa hizo hasa.

Hatua ya 2: Fungua gamba, tafuta antena

Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5. Robo yake ni milimita 31, na ndiyo sehemu ya antena inayofanya kazi: kale kancha kembamba ka waya kenye urefu wa kama kiungo kimoja na nusu cha kidole. Kwenye risiva kubwa kidogo, waya mrefu mnene unaotangulia ni wa kufikishia tu, kazi inafanywa na ncha iliyovuliwa gamba la nje. Ikikatika ncha hiyo, umbali unakatika nayo.

Ncha isiguse betri, isiguse mota, isilazwe juu ya fremu ya kaboni. Kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo mawimbi yanazuiwa kama taa iliyofunikwa sufuria. Inyooshe. Mimi huipitisha ndani ya kipande cha mrija wa juisi na kukibandika kwa gundi ya moto kwenye mguu wa kutulia. Risiva ikiwa na antena mbili, ziweke pembe mraba, moja imelala, moja imesimama. Helikopta inageuka kila upande, na ukiziweka sambamba kuna mkao ambao zote mbili zitapofuka kwa pamoja.

Sasa rimoti. Antena ya fimbo haitoi mawimbi kwenye ncha yake. Inayatoa ubavuni, pande zote, mfano wa andazi lenye tundu katikati, na fimbo imepita kwenye tundu. Watu wengi wakiona helikopta inakwenda mbali wanainyooshea antena kama wanaelekeza bunduki, yaani wanailenga kwa tundu. Ikunje, isimame au ilale kwa upande, ubavu uangalie helikopta.

Hatua ya 3: Iondoe betri kwenye orodha ya washukiwa

Kosa la betri linafanana na kosa la umbali hadi unaweza kula kiapo. Risiva ikikosa umeme hata kwa kufumba na kufumbua inazima, inawaka upya, inaanza kutafuta rimoti yake. Kwako wewe uliyesimama chini hiyo ni "imepoteza mawimbi".

Helikopta ndogo nyingi zinatumia seli moja ya lithiamu: volti 3.7 kwa jina, 4.2 ikiwa imejaa. Betri iliyokaa droo mwaka mzima, ukishaichaji, inaweza kuonyesha 4.2 mezani, halafu ikishabeba mzigo wa mota inazama. Iliyovimba usiijadili, ondoa. Kisha fanya hivi: rusha mita tano mbele yako, kimo cha kiuno, itulie hewani dakika tatu, halafu ipandishe ghafla mara mbili tatu. Ikitikisika hapo, mita tano kutoka kwako, usihangaike na antena. Ni betri, soketi iliyolegea, au waya uliochoka.

Hatua ya 4: Jaribio la chini

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inahitaji mtu wa pili. Nenda mapema. Sisi Dodoma ikishapita saa mbili asubuhi upepo unakuwa na mipango yake.

Vua mapanga yote makuu. Usinijibu kwamba utakuwa mwangalifu, vua. Msaidizi aishike helikopta kwa miguu yake ya kutulia, kimo cha kiuno, mwili wake usiwe kati ya helikopta na wewe. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji yanayameza mawimbi ya gigahezi 2.4. Usiiweke kwenye nyasi. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi nene. Mkiwa mmeachana mita 100, katikati ya njia unene huo unakaribia mita 1.8 juu na mita 1.8 chini ya mstari wa macho. Helikopta ikiwa juu ya nyasi, nusu ya njia imezibwa na ardhi, na utapata namba ndogo isiyo na maana.

Washa rimoti, kisha helikopta. Anza kutembea kinyumenyume ukihesabu hatua za miguu, huku ukizungusha stiki ya kulia polepole. Kila baada ya hatua kumi simama. Msaidizi aigeuze: pua kwako, mkia kwako, kushoto, kulia, kisha tumbo kwako. Kazi yake ni kutazama sevo tu, vile vimota vidogo vinavyoitikia stiki na kuielekeza helikopta. Zikisita au zikishtuka zenyewe, ainue mkono. Mpwa wangu hainui mkono, anapiga kelele, "Anko, imeshtuka!", hadi wanaofanya mazoezi ya mpira wanageuka.

Andika hatua ulipo na upande uliokuwa unakutazama. Namba unayoitafuta ni ile ya upande mbaya kuliko yote. Ile helikopta ya mwarobaini ilifika hatua 60 pua ikiwa kwangu, lakini mkia ukiwa kwangu ilisita kwenye 34. Nilipoinyoosha antena nilifika goli la upande wa pili, uwanja ukaisha, sevo bado zinaitika. Rimoti ileile, betri ileile.

Rudia mara ya pili mota ikizunguka bila mapanga, maana kelele ya umeme ya mota na kidhibiti mwendo wake huchafua risiva. Ukiona umbali umepungua sana mota ikiwaka, sogeza antena mbali na nyaya za mota kabla ya jambo lolote. Kwenye helikopta kubwa kidogo zenye mkia wa mkanda, ule mkanda ukisugua hutengeneza umeme tuli unaoruka kama cheche. Unga wa grafiti kwenye mkanda husaidia.

Rimoti nyingine zina kitufe cha jaribio la umbali kinachopunguza nguvu makusudi, na kawaida unatakiwa kuitawala helikopta kwa hatua 30 hivi. Nguvu ikishushwa hadi sehemu moja ya elfu, umbali unapungua kama mara 32. Kwa hiyo mita 30 salama kwenye jaribio ni kama mita 950 kwenye karatasi. Karatasi haina miti wala ruta za Wi-Fi, ambazo nyingi zipo kwenye masafa yaleyale.

Hatua ya 5: Kata mawimbi makusudi

Mapanga bado yamevuliwa. Mota ikizunguka, zima rimoti. Mota inatakiwa kusimama ndani ya sekunde moja au mbili. Isiposimama, oanisha upya rimoti na risiva, yaani zitambuane tena, ukiwa umeshusha stiki ya kupandishia hadi chini, kwa sababu risiva nyingi hukariri mkao wa stiki wakati wa kuoanisha na kuurudia wakati wa kupoteza mawimbi. Usiirushe hadi hili likae sawa. Inayoanguka utaiokota palepale. Isiyosimama inakwenda kumtafuta mtu.

Hatua ya 6: Pima macho yako

Hapa ndipo wengi wanakasirika. Helikopta ya urefu wa sentimita 20 ikiwa mita 17 kutoka kwako inaonekana kama punje ya mchele uliyoishika mkono ukiwa umenyooka. Mita 60, ni ulezi. Ulezi una pua? Una mkia? Ndege ya mabawa ukipotewa na upande wake kwa sekunde mbili inaendelea kuelea. Helikopta ukiipa amri ya kinyume mara moja tu imekwisha.

Ipeleke mbali kidogo kidogo, ukisema kwa sauti inatazama wapi: kwangu, kushoto, kulia. Siku ukibahatisha mara moja, huo ndio ukomo wako. Wangu ni kama mita 30. Kubandika utepe wa machungwa kwenye mkia kulininunulia mita tano hivi.

Ndiyo maana nawacheka kidogo wanaotafuta vikuza nguvu. Umbali ukitaka uwe mara mbili, nguvu lazima iwe mara nne. Ulaya rimoti hizi zimewekewa ukomo wa miliwati 100, na hata hizo zinakupita macho mbali sana. Na kama unataka kurusha nje ya uwanja wa mtaani kwako, waulize kwanza mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, hasa ukiwa jirani na uwanja wa ndege.

Nyuma ya rimoti yangu kuna kipande cha plasta. Kimeandikwa tarehe ya jaribio la mwisho, hatua za upande mbaya, na chini yake "macho 30". Helikopta ikianguka kwa kishindo, au nikigusa waya wowote ndani, naichana ile plasta na kurudi hatua ya 4.