Somo: Kupiga picha za ndani zisizo na ukungu

Swali la kwa nini picha za ndani ya nyumba hutoka na ukungu huulizwa hapa karibu kila wiki, na majibu yake hutawanyika vipande vipande. Nimeyaweka mahali pamoja ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

1. Futa lenzi kwa kitambaa laini na kikavu.

2. Msogeze unayempiga picha karibu na dirisha, na uzime taa iwapo mwanga wa mchana unatosha, kwa kuwa rangi za mwanga wa mchana na wa taa zikichanganyika, uso hutoka na manjano upande mmoja na samawati upande wa pili.

3. Chagua kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la ndani ya kamera huwa wazi kupitisha mwanga. Hapa ndipo picha nyingi huharibika, kwa sababu kamera ikiachiwa iamue yenyewe gizani, mara nyingi huiacha shata wazi kwa muda mrefu mno. Kwa mtikisiko wa mkono, kanuni ya kuanzia ni moja gawanya kwa urefu wa fokasi (namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi): lenzi ya milimita 50 inahitaji angalau 1/50 ya sekunde, na ikiwa sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ni ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko ile ya fremu kamili, 1/80. Kanuni hiyo haimhusu mtu anayesogea. Anayezungumza akiwa ameketi mpe 1/125, anayetembea 1/250, na mtoto anayekimbia 1/500 au zaidi. Tahadhari: kizuia mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hutuliza mkono wako tu, hakimtulizi mtoto. Tahadhari nyingine: usiridhike na picha inavyoonekana kwenye kioo kidogo cha kamera, ikuze hadi uone kope. Kama kope na ukuta wa nyuma vimeburutika kuelekea upande uleule, ni mkono wako. Kama ukuta ni mkali na kiganja cha mtu kimefutika, amesogea yeye. Kama sikio ni kali na jicho halisomeki, fokasi imekosea, na kuongeza kasi hakutakusaidia.

4. Fungua tundu la lenzi. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa: kutoka f/4 hadi f/2.8 mwanga huongezeka maradufu, ingawa eneo lililo kali hupungua.

5. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga. Chenga, zile punje zinazotokea ISO ikiwa juu, husafishika kwa programu; ukungu wa mtikisiko ni vigumu mno kuuondoa.

MASWALI

Swali: Picha zangu zina ukungu, nifanyeje?
Jibu: Soma hatua ya 3, kisha urudi na kasi ya shata uliyotumia. Imehifadhiwa ndani ya faili la picha.

Swali: Si ninunue tu kamera ya bei kubwa?
Jibu: Mtoto anayekimbia akipigwa kwa 1/15 atafutika katika kamera yoyote. Rekebisha kasi kwanza.

Swali: Mwalimu, natumia simu. Usiku nyuso hutoka vizuri, lakini mikono ya watu huwa kama moshi. Je, ni ile hali ya usiku?
Jibu: Umeona vyema. Hali ya usiku hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha, kwa hiyo kinachosogea huandikwa mahali tofauti tofauti. Tundu la lenzi katika simu nyingi halibadiliki, hivyo simu hubaki na muda na ISO tu. Izime hali hiyo watu wanaposogea, waweke karibu na taa, na tumia lenzi kuu badala ya ile ya kuvuta, ambayo kwa kawaida hupokea mwanga mdogo zaidi.

Swali: Nimefuata 1/500 ndani ya ukumbi, ukungu umeisha, lakini picha zimejaa mistari myeusi ya kulala. Kamera ni mbovu?
Jibu: Kamera ni nzima, na ninashukuru kwa swali hili kwa sababu linaikamilisha hatua ya 3. Taa nyingi za umeme hupepesa: umeme wa herzi 50 huzipepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka hunasa sehemu tu ya mpepeso huo. Zima shata ya kielektroniki utumie ya mitambo, kisha shuka hadi 1/100; penye umeme wa herzi 60, tumia 1/125. Kwa kuwa kasi hiyo ni ndogo kwa mtoto anayekimbia, msubiri mtoto afike ukingoni mwa mruko wake, pale anaposimama kitambo kabla ya kushuka, ndipo ubonyeze.